Difu ya Mark II: kagua nati kwanza, bei baadaye

Siku nne. Ndizo difu yangu "mpya" (lile kasha la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu) ilizoishi tangu nilipoipokea stendi ya mabasi hapa Tabora, imefungwa ndani ya kiroba cha mchele kwa kamba ya katani, hadi ilipoanza kulia barabara ya Urambo. Ilianza kama nyuki walio mbali, nikadhani ni tairi. Nilipofika spidi 80 ukawa mzinga mzima. Nikapaki pembeni, nikagusa difu kwa chini, kiganja kikaruka chenyewe.

Fundi wangu aliifungua kesho yake chini ya mwembe. Beringi ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) ilikuwa na rangi ya zambarau, ile ambayo chuma hupata kikiungua bila moto. Hakusema kitu. Alichukua tambara, akafuta nati kubwa ya pinioni, akaniita: "Dada, njoo uone." Kwenye ukingo wa nati palikuwa na makovu mawili ya patasi. Moja la zamani, limeshika kutu. La pili linang'aa.

Tangu siku hiyo nimekuwa kero. Mtu akinitumia picha ya difu, simuulizi imetoka gari gani. Namuuliza nati iko wapi.

Kwa wageni: gari langu ni Toyota Mark II GX100, lile umbo la mwaka 1996 mpaka 2000. Injini iliyokuja nalo, 1G ya lita 2, ilishatolewa zamani, sasa kuna 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo. Siku za kazi linanipeleka ofisini na kumbebea mama gunia la mpunga. Siku tukifungiwa kipande cha lami, linakimbia mita 402 kutoka kusimama. Ile 1G ya mwanzo ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 140, 1JZ ya turbo 280. Difu ya inchi 7.5 (kipimo cha gia yake kubwa ya ndani) iliyokuja na gari ilipangiwa kazi ya kwanza, si ya pili, na haikuwa na kosa ilipovunjika meno. Kosa ni la kile nilichonunua baada yake.

Sasa hiyo nati. Kiwandani hukazwa kwa kipimo, kisha ukingo wake hupigwa uingie kwenye mfereji ulio kwenye nyuzi za pinioni ili isifunguke. Katikati ya beringi mbili za pinioni kuna bomba fupi la chuma laini, mafundi huliita spesa. Nati inapokazwa, spesa inajikunja kidogo na kuziacha beringi zimebanwa kwa kiasi kinachotakiwa. Ikishajikunja hairudi. Ukipitiliza huwezi kulegeza nati ukasema yamekwisha: unatoa kila kitu na kuweka spesa mpya.

Difu iliyotembea miaka 20 beringi zake zimekula, ukishika flenji, ile sahani inayoungwa na propela (shafti ndefu kutoka mbele), inacheza. Muuzaji anaingiza spana, anaongeza bomba refu kwenye mpini, anavuta robo mzunguko. Mchezo wote unapotea. Anagonga patasi upya, anapuliza rangi nyeusi, na ukifika wewe unazungusha flenji unasikia imebana. Unatabasamu! Mimi nilitabasamu kwenye video ya WhatsApp. Kumbe beringi zimekabwa koo, joto likipanda hazina pa kukimbilia.

Kwa hiyo dai picha ya nati ikiwa imefutwa, kwa karibu, mchana. Kovu liwe moja, rangi moja na nati yenyewe. Pembe za nati ziwe kali. Zikiwa zimeparuliwa, kuna spana ilipita. Kama imepakwa rangi nyeusi inayong'aa sehemu hiyo tu, acha. Kisha zungusha flenji kwa vidole viwili: iende laini, isikwame-kwame, na isiwe na ule ugumu wa mlango uliovimba kwa mvua. Difu ya mtumba iliyo ngumu kuliko mpya haijatunzwa, imekazwa. Mchezo kidogo wa kuzungusha kushoto na kulia ni halali. Toyota hutaka kati ya pinioni na kraunwili (gia kubwa inayozungushwa nayo) pawe na nafasi ya milimita 0.13 hadi 0.18, ambayo mkono hauioni vizuri. Lakini ukiisukuma flenji juu na chini isogee hata kidogo, beringi zimekwisha.

Kuhesabu boliti, kuangalia nyufa, kusoma kibao cha gari kwenye mstari wa AXLE unaotaja aina ya difu: mnajua, sirudii.

Tuje kwenye chaguo zenyewe. Nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Toyota, na anayetaka mizani iliyosawazika aende kwingine.

Ya kwanza, na kwa mbali, ni inchi 8 ya Toyota kutoka Tourer V, Mark II iliyotoka kiwandani na 1JZ ya turbo, yaani JZX90 au JZX100, hasa ikiwa na Torsen ndani. Ni difu iliyotengenezwa kwa injini hii hii, gari la ukoo huu huu. Torsen hutumia gia tupu kugawa nguvu, haina sahani za kuisha, haitaki oili ya pekee, na kwenye mchanga wetu wa Tabora inakutoa mahali ambapo difu ya kawaida inachimba shimo kwa tairi moja. Udhaifu wake ni kwamba tairi moja ikining'inia hewani kabisa, Torsen nayo inakuwa kama ya kawaida. Kwenye lami iliyonyooka hilo halinikoseshi usingizi. Nunua pamoja na shafti zake za pembeni, na upime flenji ya propela kabla hujalipa, la sivyo utaanza safari ya pili ya kutafuta vipande.

Angalia pia uwiano wa meno ya kraunwili na pinioni. Meno 43 kwa 10 ni 4.30, meno 41 kwa 11 ni 3.727. Kwa tairi 195/65R15, spidi 100, gia ambayo haiongezi wala haipunguzi mzunguko, ya 4.30 inazungusha injini kama mara 3,600 kwa dakika, ya 3.727 kama 3,100. Kwenye mita 402 ile fupi, ya 4.30, inafurahisha. Ukienda nayo Nzega na kurudi, masikio na tangi vitakueleza. Mimi nimechukua ndefu, ya 3.727, turbo itajaza pengo.

Ya pili ni hiyo hiyo inchi 8 lakini ndani umeweka LSD (kifaa kinachozuia tairi moja kuteleza peke yake) ya sahani, ya kampuni ya Cusco. Kwa kuondoka kwenye mstari inashika kuliko Torsen, hilo nakubali bila kinyongo. Chukua inayobana ukikanyaga mafuta tu, au ile ya njia moja na nusu, ambayo ukiachia inabana kidogo tu. Ya njia mbili, inayobana hata ukiachia mafuta, waachie wanaoserereka kwenye kona. Itagonga ka-ka-ka ukigeuza taratibu sokoni na watu watakuonea huruma, ndivyo ilivyo. Inataka oili yake ya sahani na kumwagwa mara kwa mara. Kaaz nao ni wazuri, kampuni ile ile inayotengeneza mashine za kufyekea nyasi, na sijawahi kuamua kama hilo linanitia moyo au la.

Ya tatu ni R200 ya Nissan. Imara, kraunwili yake ni milimita 200, wenye Skyline na Laurel wataniandikia. Lakini kwenye Mark II unaanza kutengeneza vishikio, shafti za kuunga, propela ya kuunga, na kila kiungo ni mkono wa fundi mwingine. Sitaki.

Kuna wanaoniuliza Ford ya inchi 9. Ile ni ekseli nzima ya kipande kimoja, kazi yake Marekani inajulikana tangu mwaka 1957. Mark II nyuma kila gurudumu linajitegemea. Ukiamua kukata bodi, umeshaacha kununua difu, unajenga gari.

Za bei rahisi: kurudisha inchi 7.5 ni sawa kama injini yako bado 1G, basi. Kuchomelea gia za ndani ili magurudumu yote mawili yafungwe pamoja: hapana, kwa gari linalokata kona kwenda kazini hapana.

Kuhusu LSD, kila muuzaji anayo mpaka umuombe aithibitishe. Iache pinioni huru, zungusha upande mmoja: upande wa pili ukienda kinyume ni ya kawaida, ukifuata huko huko ni ya sahani. Torsen itakudanganya hapo, kwa sababu bila mzigo nayo huenda kinyume. Dai afungue kifuniko cha nyuma. Ya kawaida inaonyesha pini imepita katikati na gia ndogo zimeshikana nayo. Torsen utaona gia za mshazari ndani ya kasha nene. Akikataa kufungua boliti kwa ajili ya pesa yako, amekujibu.

Na hapa ndipo ninapokasirikia biashara nzima. Aliye Dar anaenda Ilala asubuhi, anapindua madifu matano, anachagua. Sisi wa Tabora, na wenzetu wa Kigoma ndiyo usiseme, tunachaguliwa na picha. Bei ni ile ile ya Dar, halafu nauli ya mzigo juu yako, halafu mpakiaji, halafu ikifika mbovu "warranti ni ya kujaribishia dukani". Dukani wapi, kaka? Mimi na wewe tumetenganishwa na reli ya kilomita 840! Neno mbichi lilipigwa marufuku nyumbani kwangu. Muuzaji wangu aliniambia, "Dada yangu, hiyo mbichi kabisa, hata oili ya Japani bado imo." Imo kweli. Nyeusi kama lami, na ndani yake unga wa chuma uliong'aa kwenye kidole.

Ile ninayotumia sasa nilimtuma binamu aikague, nikiwa kwenye simu, tambara mkononi mwake. Kovu moja. Nimeweka oili ya gia 90 ya daraja GL-5, nikaimwaga baada ya wiki mbili kuangalia unga, sikuona kitu zaidi ya ukungu mwembamba kwenye sumaku.

Iliyokufa bado ipo nyuma ya nyumba. Juzi yule muuzaji kanitumia ujumbe: "Dada, lile kasha la difu bado unalo? Nina mteja Kaliua."