Ajenti wa kusajili kampuni Kariakoo: kazi safi ila maelezo nusu nusu

Nyota tatu kati ya tano. Mi na mdogo wangu tulikuwa na jina la biashara tu, tunauza vipuri vya pikipiki, na jina la biashara jamani halikukingi na chochote, deni la duka ni deni lako mpaka kwenye friji ya nyumbani. Ndo tukaamua tufungue limitedi, yaani kampuni ambayo madeni yake ni yake, si ya wenye hisa.

Jamaa akatujazia kila kitu kwenye mfumo wa BRELA, ile wakala ya serikali inayosajili biashara na kampuni, namba za NIDA, katiba ya kampuni, mgawanyo wa hisa, sie tukasaini tu. Cheti kikatoka, TIN ya kampuni nayo hiyo. Hapo sina neno, mkono wake mwepesi.

Sasa kinachoniudhi, alituambia "mkishakuwa limitedi hakuna wa kuwagusa". Weee! Ni kweli mwanahisa anadaiwa mwisho ile hela ya hisa ambayo hajalipia, basi. Ila tulipoenda benki kuomba mkopo wakataka wakurugenzi tuweke dhamana binafsi, kwamba kampuni ikishindwa tunalipa wenyewe, yaani ukisaini hiyo karatasi ile kinga kwa mkopo huo umeivua mwenyewe. Hakutuambia. Wala hakutuambia kuna ritani ya kila mwaka BRELA, yaani taarifa ya kampuni unayopeleka, ukichelewa faini, na kwamba ada ya kusajili inapanda kadiri unavyoandika mtaji mkubwa, sie tukajiandikia mtaji wa kibabe kwa sifa 😂

Ukienda kwake nenda na maswali yako umeyaandika kabisa, maana usipouliza hasemi.