Dover Castle ni tamu, waliotupeleka ndo shubiri

Niseme mapema nina hasira, kwa hivyo mtanisamehe nikichanganya mambo. Ilikuwa likizo ya shule, si juzi wala si zamani sana, lakini buibui la mamangu bado lina alama ya gundi pale kifuani na haitoki, nimejaribu sabuni, nimejaribu siki, wapi.

Mamangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa. Ni mtu wa Mji wa Kale, amekulia hatua chache tu na Ngomeni, Fort Jesus kwake si utalii, ni njia ya kwendea shughuli zake. Watoto wangu wakashikilia lazima nyanya naye aone ngome ya Kiingereza. Gari sina. Nikaona tangazo la kampuni moja ya safari za siku, basi latoka London asubuhi, mwaenda Dover Castle, ngome iliyoko mji wa bandari wa Dover, jioni mko kwenu, na imeandikwa kabisa mtaona mnara mkuu NA mahandaki ya vita. Nikalipia wote.

Kupanda tu basi mwongoza watalii anapita kiti kwa kiti anabandika watu stika ya njano yenye namba. Hata hakuuliza, kambandika mamangu juu ya buibui pap! Mama akaniangalia. Nikamwambia ni utaratibu wao mama. Kuanzia hapo hatukuwa na majina tena, sisi ni namba 18.

Njiani tukakwama, manake barabara ile ndo ya malori yote yanayokwenda bandarini kuvuka kwa Wafaransa. Sawa, foleni si kosa la mtu. Lakini tumefika tumeshachelewa na bwana yule anatangaza saa ya kurudi ni ile ile, haisogei hata dakika!

Sasa ngome yenyewe jamani. Hapa nisiwe mnafiki, ni kitu. Iko juu ya kilima, chini majabali meupe, chini zaidi bandari, na siku ile mbingu ilikuwa safi tukaiona Ufaransa kwa macho, watoto walikuwa hawaamini. Ndani ya kuta mna mnara wa taa wa Warumi, wa Warumi kweli, bado umesimama ubavuni mwa kanisa la zamani mno. Halafu ndo mnara mkuu aliojenga mfalme Henry II miaka ya 1180 huko, kuta zake mahali pengine zinafika kama mita 6 unene. Mamangu alipapasa jiwe, akauliza swali moja tu: "Na maji walipata wapi?" Mtu wa ngome huyo. Mfanyakazi wa pale, dada mmoja mchangamfu sana, nilipomtafsiria akafurahi akatuonyesha kisima kilekile ndani ya mnara, kimechimbwa kwenda chini zaidi ya mita 100 kwenye mwamba. Mama akaridhika. Akakubali kupanda na ngazi zingine, taratibu, goti lile lake, anapumzika anapanda, hadi vyumba vya mfalme vilivyopambwa rangi nyekundu, buluu, kijani, mi nilidhani zamani kila kitu kilikuwa kijivu.

Na huyo dada akatueleza jambo ambalo mpaka leo linanitia uchungu. Ati Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa kule Canterbury mwaka 1170, na waliomuua ni askari wapanda farasi wa huyu huyu Henry. Becket akawa mtakatifu, watu wakaanza kuja kuhiji kaburini kwake kutoka kila pembe, na mwaka 1179 akaja mfalme wa Ufaransa mwenyewe, Louis VII, akashukia Dover, na Dover hakuna mahali pa maana pa kumkaribisha. Miaka michache tu Henry akaanza kumwaga pesa pale. Kwa hivyo mnara ule wote, pamoja na kutisha adui, ulijengwa ili mgeni wa heshima akishuka melini apokewe vizuri. Mgeni! Likumbukeni neno hilo mnaposoma haya yanayofuata.

Mwanangu mkubwa alikuwa amesoma shuleni habari za Dunkirk, ule mji wa pwani ya Ufaransa askari walikozingirwa na Wajerumani Vita vya Pili vya Dunia, hamu yake yote ni mahandaki. Humo ndimo Admirali Ramsay wa jeshi la majini la Uingereza na watu wake walikopangia ile kazi ya mwaka 1940, kuwatoa askari zaidi ya 338,000 kule Dunkirk kwa meli na vyombo vidogo vidogo, kuanzia mwisho wa Mei mpaka mapema Juni. Unaingia kwa makundi na foleni ipo. Tukapanga foleni. Mama akakaa kwenye kiukuta hapo pembeni, sisi tunasogea, tunasogea, wamebaki watu wachache tu mbele yetu zamu yetu iingie, kijana keshaanza kurukaruka.

Ndo namwona yule bwana anakuja mbio na karatasi yake. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mamangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akainama akampigia makofi mbele ya uso. Pa! Pa! "Namba 18! Kwenye basi!" Kama anafukuza kuku uani. Mama hajui Kiingereza, anamtazama tu mikono. Nikatoka foleni nikamwambia bwana, huyu ni mzazi wangu, sema na mimi, na tangazo lenu linasema mahandaki yamo. Akanijibu, na haya nayakumbuka neno kwa neno, kama hawezi kutembea haraka angebaki nyumbani.

Mama akaniuliza, "Asemaje?" Nikamwambia asema basi laondoka. Akatulia kidogo. "Na basi ndo hupigiwa makofi?"

Sikuwa na jibu. Tukatoka foleni. Kijana machozi yanamlenga anajikaza kiume, mdogo wake analia waziwazi.

Pale ngomeni kuna habari ya mwaka 1216, mwana wa mfalme wa Ufaransa, naye Louis lakini mwingine, aliizingira ngome hii. Watu wake wakachimba chini ya lango la kaskazini hadi mnara mmoja wa lango ukaporomoka, na bado Hubert de Burgh, aliyekuwa mkuu wa ngome, na wenzake waliziba pale palipobomoka na hawakutoka. Jeshi zima limeshindwa kuwatoa watu Dover. Sisi tumetolewa na bwana mmoja mwenye stika.

Na kinachoniudhi kuliko vyote, tulipofika basini halikuondoka! Kuna wenzetu walikuwa bado mkahawani na wengine dukani wanachagua vikombe, wakaja kwa raha zao, na bwana yule yule akawachekea na kuwauliza kama wamefurahia. Wao hawakupigiwa makofi. Sababu siisemi, nyote mna macho. Muda tuliokaa tukiwasubiri ungetutosha, au basi ungekaribia kutosha, tungeona japo nusu.

Dereva lakini, Mungu amlipe, mzee mmoja mtaratibu, alishuka mwenyewe akamshika mama mkono akampandisha ngazi za basi, akamletea chupa ya maji. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu na kusema kampuni si mbaya ila wamekosa bahati na mfanyakazi mmoja. Na kweli bei ilikuwa nzuri, basi lilikuwa safi, choo kilifanya kazi, nisiwasingizie.

Halafu nikawaandikia imeili. Kimya. Nikaandika tena, wakanijibu kwamba muda wa matembezi hutegemea hali ya barabara na kwamba wanathamini maoni yangu, na wakanipa vocha ya punguzo nisafiri nao tena. Ya makofi hawakugusa hata kidogo, hata pole kwa mama hakuna! Vocha! Nikampandishe mamangu basi lile lile abandikwe namba nyingine?

Kwa hivyo hizo tatu nimezifuta. Mbili... hapana, moja, na hiyo moja ni ya dereva, kampuni isijihesabie. Dover Castle yenyewe nendeni, nawaambia nendeni, ila nendeni wenyewe. Treni ya kasi kutoka St Pancras mpaka Dover Priory ni kama saa moja na kitu, kisha chukueni teksi kama mna mzee, manake kile kilima si mchezo. Mahandaki anzeni nayo asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, mnara mtaupanda baadaye kwa nafasi yenu.