Bravely Default: Zamu ya Kukopa, Zamu ya Kulipa

Bravely Default ni mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa zamu uliotengenezwa na studio ya Silicon Studio kwa ajili ya kampuni ya Square Enix. Ulitoka Japani Oktoba 2012 kwa konsoli ya mkononi ya Nintendo 3DS, ukafika Ulaya Desemba 2013 na Amerika ya Kaskazini Februari 2014. Tangu Juni 2025 unapatikana pia kwa sura iliyosafishwa kwenye Nintendo Switch 2, na ndiyo maana watu ambao hawakuwahi kushika 3DS sasa wanauliza kama unastahili fedha na muda wao. Kwa maoni yangu unastahili, kwa kuwa sijaona mfumo wa mapigano ya zamu unaoufikia katika konsoli za mkononi. Hata hivyo, anayeununua ajue mapema kwamba mchezo huu, ambao katika nusu yake ya kwanza unaujali muda wa mchezaji kuliko michezo mingi ya aina yake, katika nusu ya pili unautapanya muda huohuo bila huruma.

Tuanze na mapigano, maana humo ndimo ulimo uhai wa mchezo wenyewe. Katika michezo mingi ya zamu, kila mhusika hutenda tendo moja, kisha husubiri adui naye atende lake. Hapa zimeongezwa amri mbili. Ya kwanza, Default, humfanya mhusika ajikinge, maumivu anayopata yapungue, na zamu yake iwekwe akiba kama pointi moja. Akiba hiyo inaweza kufika pointi tatu. Ya pili, Brave, humruhusu kutumia zamu za ziada na kufanya hadi matendo manne kwa mpigo. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuwa na akiba ndipo utumie. Unaweza kukopa hadi zamu tatu ambazo hujazipata, na hapo mhusika wako atasimama kama sanamu kwa zamu tatu huku adui akimpiga anavyotaka, hadi deni liishe.

Maana ya jambo hili inaonekana mapema, unapokabiliana na Barras Lehr, mpigana ngumi mwenye mwili wa jabali, akiwa pamoja na Holly Whyte, mganga wa uchawi mweupe. Ukimshambulia Barras kidogo kidogo, Holly anamrudishia uhai wote uliompunguzia, na vita havina mwisho. Njia ya busara ni kujikinga zamu mbili au tatu, kuvumilia ngumi za Barras, kisha kumimina mapigo yote juu ya Holly kabla hajapata nafasi ya kujitibu. Mwenye haraka atakopa tangu zamu ya kwanza. Holly akianguka, mambo yatakuwa mepesi. Akibaki na uhai kiduchu tu, wapiganaji wako wote wako katika deni, hakuna wa kutibu wala wa kujikinga, na utauona kwa macho yako ukweli wa kukopa harusi na kulipa matanga.

Maadui wakubwa nao wanafuata kanuni hiyohiyo. Ukimwona bosi anajikinga zamu mbili mfululizo, jua anakusanya, na unapaswa kuamua kama utamvunja kabla hajafungua akiba yake au utajikinga naye. Kwa upande mwingine, katika mapambano madogo ya njiani, deni huisha pale pambano linapoisha, kwa hiyo wahusika wote wanne wanaweza kukopa mwanzoni, wakawafagia maadui kabla hawajainua mkono, na mchezo ukawapa nyongeza ya malipo kwa ushindi wa zamu moja. Kwa hiyo amri hizi mbili zinatumika kwa namna tofauti kabisa kulingana na ukubwa wa pambano, na sikuzichoka hata nilipokuwa nimeuchoka mchezo kwa sababu nyingine, kama nitakavyoeleza.

Juu ya msingi huo umejengwa mfumo wa kazi, yaani fani za upiganaji anazopewa mhusika. Kuna kazi 24, na karibu zote hupatikana kwa kumshinda mwenye nazo na kuchukua jiwe lake liitwalo Asterisk. Kila kazi hupanda hadi daraja la 14. Mhusika huwa na kazi moja kuu, huazima amri za kazi nyingine anayoijua, kisha huongeza uwezo wa kusaidia kutoka popote alipowahi kujifunza. Hapo ndipo mchezaji anapoanza kukesha akitafuta mchanganyiko. Mwenye kazi ya Ninja ana uwezo wa kukwepa pigo linalokuja. Kuna uwezo wa kusaidia unaompa mhusika pointi moja kila anapokwepa. Ukiviunganisha viwili hivyo, adui anayekushambulia sana ndiye anayekujazia akiba ya kumuulia. Mwenye kazi ya Dark Knight naye hulipa kwa damu yake mwenyewe, na ana pigo liitwalo Minus Strike ambalo nguvu yake ni kiasi cha uhai alioupoteza, hivyo mpiganaji aliye hoi ndiye wa kuogopwa kuliko aliye mzima. Baadhi ya mbinu hizi zina nguvu za kupindukia, na mtu anaweza kudai kwamba zinaharibu mizani ya mchezo. Mimi naona watengenezaji walijua walichokifanya, kwani mabosi wa mwishoni hawashindwi kirahisi na mtu ambaye hakujaribu kuuvunja mfumo.

Jambo linalonifanya niseme kwamba mchezo unaujali muda wa mchezaji ni orodha ya mipangilio yake. Ugumu unaweza kubadilishwa wakati wowote. Mapigano yanaweza kuharakishwa, au kuachwa yajiendeshe kwa kurudia amri zako za zamu iliyopita. La maana zaidi ni kwamba unaweza kuamua ni mara ngapi ukutane na maadui unapotembea, kuanzia kutokutana nao kabisa hadi mara mbili ya kawaida. Umepotea pangoni na dawa zimekwisha? Zima maadui, toka nje. Unataka kupandisha daraja la kazi kabla ya bosi? Ongeza. Leo mipangilio ya namna hii imekuwa ya kawaida, lakini mwaka 2012 ilikuwa nadra, na aliyezoea michezo ya zamani ambamo kila hatua tatu unavamiwa na popo wawili wasio na faida ataithamini mara moja.

Hadithi inaanza na kijiji cha Norende kumezwa na shimo kubwa. Anayenusurika ni kijana mmoja, Tiz, aliyemshuhudia mdogo wake akitumbukia. Anakutana na Agnès, binti mlinzi wa fuwele ya upepo, ambaye anataka kuziamsha fuwele nne za dunia ya Luxendarc zilizofunikwa na giza, akiongozwa na kijini mdogo mwenye mabawa aitwaye Airy. Wanajiunga nao Ringabel, mpenda wanawake aliyepoteza kumbukumbu lakini ana daftari linaloeleza mambo ambayo bado hayajatokea, na Edea, binti wa mkuu wa jeshi la Eternia, ambaye anaasi anapoona wenzake wanavyowatendea raia wa nchi ya Caldisla. Vijana wanne, fuwele nne: mpenzi wa michezo ya Kijapani ameshaiona mara nyingi, na kwa saa kadhaa za mwanzo unaweza kudhani hakuna jipya.

Upya uko kwa wapinzani. Kila mwenye Asterisk ni mtu mwenye tamaa au msimamo wake, na nchi anayoishi imeharibika kwa namna inayomhusu. Katika Ancheim, mji wa jangwani, Erutus Profiteur anajitajirisha kwa shida za wananchi wenye kiu. Florem, mji wa wanawake uliosifika kwa unyenyekevu, umelewa mashindano ya urembo kiasi cha kusahau imani yake. Eisenberg inaungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na humo yumo mtengeneza dawa, Qada, ambaye sumu kwake ni jaribio la kitaalamu tu. Maongezi marefu ya wahusika wakuu hayakunivutia kiasi hicho. Agnès hasa hurudia neno lake la kukataa mambo yasiyokubalika hadi masikio yakachoka. Hata hivyo, kadiri Edea anavyolazimika kupigana na watu waliomlea na kumfundisha, ndivyo swali la nani mwenye haki katika vita hivi linavyozidi kuwa zito, na majibu yake hayako pale ulipoyatarajia.

Macho nayo yana karamu. Miji imechorwa kama picha za rangi ya maji, wahusika ni kazi ya mchoraji Akihiko Yoshida, na ukisimama bila kubonyeza chochote kamera hurudi nyuma polepole hadi uone mji mzima. Kwenye 3DS, picha hiyo ikiwa na kina chake cha pande tatu, inapendeza kuliko ilivyo kwenye skrini kubwa. Muziki ni wa Revo, na si pambo tu. Mhusika anapotumia pigo lake maalumu, wimbo wake huanza, na nguvu alizowapa wenzake hudumu kwa muda wote ambao wimbo huo unapigwa. Utajikuta unachagua amri kwa haraka katika mchezo usio na haraka, ukiwahi pigo la mwisho kabla gitaa halijanyamaza.

Sasa nusu ya pili. Sitasema sababu, kwa kuwa imefungamana na siri ya hadithi, lakini kuanzia sura ya tano mchezo unakutaka uzirudie safari ulizokwisha kuzimaliza: mahekalu yaleyale, walinzi walewale wa fuwele, na kila fuwele kuiamsha kwa kugonga kitufe cha X tena na tena. Kisha sura inayofuata unarudia. Kisha tena. Ni kweli kwamba mapambano ya hiari na wenye Asterisk yanabadilika, kwani wanakuja katika makundi mapya na maongezi yao yanafichua mengi, na haya ndiyo yaliyo bora katika sehemu hii yote. Ni kweli pia kwamba marudio yana maana yake katika hadithi, na kwamba mchezaji mwenye shaka anapewa nafasi ya kutotii na kuufikia mwisho mwingine mapema. Wazo lenyewe ni la werevu. Lakini wazo la werevu linaloeleweka kwa mzunguko mmoja halihitaji kusimuliwa kwa saa nyingi, na nadhani sura mbili zingeweza kuondolewa pasipo mtu kuona pengo. Ushauri wangu ni kwamba ukifika hapo, zima maadui wa njiani, nenda moja kwa moja kwenye fuwele, na utumie muda wako kwa mapambano ya hiari peke yake.

Liko pia suala la ujenzi wa Norende. Kijiji kilichoangamia kinajengwa upya na wanakijiji unaowaagiza kazi, na kazi hiyo huendelea kwa saa halisi hata mashine ikiwa imelazwa. Maduka yanayokamilika huuza silaha na dawa na kukupa vipengele vya kuimarisha mapigo maalumu. Tatizo ni kwamba kwenye 3DS wanakijiji wapya walitegemea kupishana barabarani na wenye 3DS wengine, utaratibu uliobuniwa kwa treni za Tokyo. Dar es Salaam au Mombasa unaweza kuibeba mashine yako mfukoni mwaka mzima usipishane na mtu. Zamani mtandao ulisaidia, lakini Nintendo ilizima huduma za mtandaoni za 3DS Aprili 2024, kwa hiyo anayeanza leo kwenye mashine hiyo ategemee kujenga taratibu na mikono michache. Kuhusu pointi za kusimamisha wakati katikati ya pambano, ambazo ziliwahi kuuzwa kwa fedha halisi, usijisumbue nazo. Hupatikana pia kwa kuilaza mashine kwa muda wa saa nane, na mchezo mzima unamalizika bila hata moja.

Kwa anayechagua toleo, mambo machache yanatosha. Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo huko kuna kadi za mchezo tu, nyingi zikiwa za mtumba. Kabla ya kulipa, hakikisha kadi na mashine ni za eneo moja, kwani 3DS ya Ulaya haisomi kadi ya Marekani wala ya Japani, na mashine nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka nje huwa zimechanganyika. Toleo la Switch 2 lina picha safi zaidi, michezo midogo miwili mipya, na kijiji cha Norende kinachojazwa kupitia mtandao, ila limepoteza kina cha picha za awali. Kadi yake ya dukani haina mchezo ndani yake, bali ni ufunguo wa kuupakua, kwa hiyo bando la kutosha liwe katika hesabu ya bei. Mwenye Switch 2 tayari achukue hilo bila kusita. Mwenye 3DS inayofanya kazi, akiipata kadi ya eneo lake kwa bei ya haki, hana sababu ya kununua mashine mpya kwa ajili ya mchezo huu.