Ziara ya Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham: mgeni aanzie nje

Wageni wengi hulizuru Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, mjini Birmingham katika jimbo la Alabama, Marekani, kwa sababu ya bomu. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, baruti iliyotegwa na wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, chini ya ngazi za nje iliwaua Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, pamoja na Denise McNair wa miaka 11. Hata hivyo, anayekuja kuomboleza tu atakosa nusu ya habari, yaani sababu ya jengo hili kulengwa.

Ndiyo maana ningemshauri mgeni aanzie katika bustani ya Kelly Ingram, ng'ambo ya barabara. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, maelfu ya wanafunzi walitoka kanisani humu kwa makundi kuandamana dhidi ya ubaguzi wa rangi, wakakabiliwa kwa mbwa wa polisi na maji ya nguvu ya zimamoto. Ukilitazama kanisa kutoka bustanini, unaona jinsi ibada na mapambano vilivyokuwa mlango mmoja.

Jengo lenyewe, lenye minara miwili, lilikamilika mwaka 1911 kwa michoro ya Wallace Rayfield, msanifu majengo Mweusi. Jina lake lastahili kutajwa zaidi kuliko linavyotajwa.

Ndani, kaa kwa muda mrefu mbele ya dirisha la vioo vya rangi lililotengenezwa na John Petts na kutolewa zawadi na watu wa Wales mwaka 1965. Linamwonyesha Kristo Mweusi akiwa amenyoosha mikono, mmoja ukiusukuma uonevu na mwingine ukitoa msamaha. Fedha zake zilichangishwa na gazeti la huko, na mchango wa kila mtu uliwekewa kikomo makusudi ili asitokee tajiri wa kulilipia lote. Kwangu mimi, dirisha hilo pekee linatosha kuihalalisha safari.

Haki, lakini, haikuharakishwa na mahakama: mshtakiwa wa kwanza alitiwa hatiani mwaka 1977, na wa mwisho mwaka 2002, karibu miaka 39 baada ya mlipuko.

Jumapili waumini bado husali hapa, kwa hiyo anayetaka kupiga picha na achague siku nyingine.