Uzoefu wangu: seti ya mapambo ya Kijapani kwenye mgahawa wa pwani, Dar es Salaam

Hii ni tathmini ya seti ya mapambo ya Kijapani iliyofungwa kwenye mgahawa wa viti 40, Msasani, karibu na bahari. Ndani yake mlikuwa na milango ya shoji, mikeka ya tatami, taa za karatasi, mbao za ukutani zilizochomwa na mapazia ya noren. Masika yameshaipitia, kwa hiyo naandika jinsi vitu hivi vinavyokaa penye joto, chumvi na unyevu, maana picha za katalogi hazisemi hayo. Shoji zinafaa. Taa zinafaa nusu. Tatami ya majani, achana nayo. Ule utulivu ambao mtu anaufuata kwenye mgahawa wa namna hii haumo kabisa kwenye seti. Unapatikana kwa fundi wa dari na fundi umeme.

Shoji ni fremu ya mbao yenye fito nyembamba zinazokatana, nyuma yake imebandikwa karatasi. Karatasi ya asili, washi, hubandikwa kwa gundi ya wanga iliyozimuliwa, kisha hunyunyiziwa maji kidogo. Ikikauka inajivuta na kukaza kama ngoma. Hapa Dar tabia hiyohiyo ndiyo inayoleta shida. Kiyoyozi kikizimwa usiku, unyevu unaingia na karatasi inalegea mawimbi. Kikiwashwa mchana, inakaza tena, na fito nyembamba zinaanza kupinda. Agiza karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili. Kidole cha mtoto hakiitoboi, na mchuzi ukiirukia unafutika kwa kitambaa chenye maji. Ila hii haijivuti hata uinyunyizie ndoo nzima, kwa hiyo inabandikwa kwa tepu ya pande mbili juu ya kila fito, watu wawili wakiivuta kuanzia juu kushuka chini. Fundi akitumia gundi ya maji kwa mazoea, inatoa mapovu na kazi inarudiwa.

Milango hii haina magurudumu. Inateleza kwenye mifereji iliyochimbwa kwenye mbao: wa juu una kina cha milimita 15 hivi, wa chini milimita 2 au 3 tu. Unauinua mlango, unauingiza juu, unaushusha chini, basi; kuutoa ili usafishwe hakuhitaji bisibisi. Mbao ikivimba masika, mlango unagoma. Waambie mafundi waache uwazi wa kutosha pembeni, na mbao ziwe zimekaushwa kwenye tanuri, si zile zilizoanikwa nje ya karakana wiki mbili. Mfereji wa chini usuguliwe kwa mshumaa. Grisi usipake, inashika mchanga.

Ukitaka mwanga nyuma ya shoji, utepe wa taa ukae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye karatasi, na uelekee ukutani ili mwanga urudi. Ukisogezwa karibu, zinaonekana nukta za taa mojamoja, na hapo hakuna tena shoji, kuna bango la duka la simu.

Tatami iliyokuja ilikuwa ya majani ya igusa, vipimo vya Tokyo, yaani sentimita 176 kwa 88, unene milimita 55. Harufu yake ni nzuri na mguu unafurahi kuikanyaga. Lakini igusa inanyonya unyevu, na hewa ya hapa ikishapita asilimia 80 kwa siku kadhaa huku ukumbi umefungwa, kuvu ya kijani inaota, kwanza chini ya meza ambako hewa haipiti. Maji hayaruhusiwi kuisafishia. Inafutwa kikavu kufuata mlalo wa majani. Sosi ya soya ikimwagika, mwagia unga mkavu unyonye, kisha pangusa. Sasa fikiria Jumamosi usiku, mhudumu mmoja ana meza 6. Kuna tatami iliyosukwa kwa nyuzi za karatasi zilizotiwa resini: haioti kuvu kirahisi, haipauki haraka kwa jua, na inavumilia kitambaa chenye maji. Agiza hiyo. Upangaji nao una desturi yake: kona nne za mikeka zisikutane mahali pamoja. Mgeni Mjapani akiingia, hilo ataliona kabla ya menyu.

Wengine hupendekeza mkeka wetu wa ukindu badala ya tatami. Kwenye mgongo wa benchi na ukutani unapendeza sana, ukigundishwa juu ya plaiwudi. Sakafuni haufai, kwa sababu mishono inayounganisha ukili inainuka na miguu ya meza inaikata. Chagua usiotiwa rangi. Uliotiwa rangi unachuja kwenye nguo za watu.

Kukaa chini moja kwa moja wateja wengi hawataki, wazee hasa, kwa ajili ya magoti. Suluhisho la Wajapani wenyewe ni horigotatsu, shimo chini ya meza ambamo miguu inaning'inia. Hakuna haja ya kuvunja zege: jenga jukwaa la sentimita 40, acha uwazi upana wa sentimita 80 chini ya meza, na uso wa meza uwe sentimita 33 hadi 35 juu ya mkeka. Sakafu ya shimo iwe ya fito zinazoweza kutolewa. Wali na makombo vyote vinaishia humo, na pasiposafishwa kila usiku, mende watahamia na familia zao. Weka pia rafu ya viatu na kiti cha kukalia wakati wa kuvivua.

Kelele ndiyo iliyonipa kazi. Dari ya zege, sakafu ya vigae na vioo vya mbele hurudisha kila kijiko kinachoanguka, na hakuna shoji wala pazia linalozuia hilo. Kilichosaidia ni ukuta wa fito za mbao za milimita 40 kwa 20, uwazi wa milimita 20 kati yake, nyuma kitambaa cheusi kinachopitisha hewa, na nyuma yake sufi ya mawe (rockwool, nyuzi za kufyonza sauti) ya milimita 50. Fito peke yake bila sufi ni urembo tu. Sehemu ya dari juu ya meza ifanyiwe hivyohivyo.

Kwa taa, chukua mwanga wa njano wa kelvini 2700, unaoonyesha rangi vizuri (kipimo cha CRI kiwe 90 au zaidi), la sivyo samaki mbichi anaonekana wa juzi. Taa ining'inie sentimita 60 hadi 70 juu ya meza. Swichi ya kupunguza mwanga iwe ya LED hasa. Ile ya balbu za zamani inazifanya zipepese na kulia nzzz, na ukumbi ukitulia kila mtu anaisikia. Taa za karatasi zenyewe zikague mbavu. Zile za Gifu, Japani, kama taa za Akari alizoanza kuzibuni mchongaji Isamu Noguchi mwaka 1951, zina mbavu za mianzi. Nilizoletewa zilikuwa na waya mtupu, na hewa ya chumvi iliupiga kutu hadi karatasi ikatoka mistari ya kahawia.

Mbao za kuchomwa, yakisugi, zilifika na masizi yakiwa bado juu. Mtu mwenye kanzu nyeupe akiegemea, ndiyo imetoka. Zipigwe brashi ya waya, zifutwe, kisha zipakwe mafuta ya kitani mara 2, na hata hivyo zianzie juu ya mita 1.2, mgongo wa aliyekaa usikofika.

Birika la mawe la maji usinunue kama pampu yake haizunguki muda wote. Mbu wa dengi anataka maji safi yaliyotulia, na utakuwa umemjengea.

Noren hazina neno. Pamba nzito, urefu uishie usawa wa macho kwenye mlango wa jiko, na ziwe seti 2 ili moja ifuliwe. Omba na karatasi ya akiba ya shoji ya toleo lilelile, kwa sababu weupe wa ile inayokuja baadaye haufanani.