Makadirio ya uwanja: neno "jumla" limenitoka puani

Nyota moja kwa hawa walionitengenezea uwanja wa nyumba, na hiyo ni ya fundi aliyepanga vitofali vya kuegeshea gari. Mistari imenyooka, pembe zimekatwa kwa msumeno, si kwa nyundo. Aliyeandika makadirio ya gharama hamfikii hata robo.

Karatasi yao ukiiona utaipenda. Vitofali vimehesabiwa kimoja kimoja, nyasi zimo, mpaka mifuko ya mbolea imo. Halafu katikati kuna mstari mmoja: "Maandalizi ya ardhi – jumla." Hakuna kina, hakuna ujazo, hakuna kokoto ya aina gani. Na hela ya uwanja huliwa huko huko chini!

Basi niwahesabie mimi. Chukua meta 40 za mraba za kuegesha gari dogo. Kitofali sentimita 6, mchanga wa kulalia 3, tabaka la kokoto 15: unachimba sentimita 24, na hapo ardhi iwe ngumu. Ikiwa ni mfinyanzi, ongeza. Hizo ni meta za ujazo 9.6 za udongo, ambao ukishachimbwa huumuka kwa robo hivi, kwa hiyo lori litabeba 12. Kokoto nazo zikishindiliwa hupungua. Ukitaka 6 agiza 7.5 au 8. Mchanga ni 1.2, agiza 1.5. Bado kukodi mashine ya kushindilia, bado mawe ya kingo na zege la kuyashika, bado vitofali vya kukatwa na kuvunjika, asilimia 5 hadi 10. Yote hayo kwao ni "jumla".

Walichofanya ni kukwangua udongo wa juu, kumwaga tabaka nene la mchanga na kupanga vitofali juu yake. Tabaka nene la mchanga halitulii. Tairi likiukandamiza mchanga, unakimbilia pembeni, na pasipo kingo imara unakimbia moja kwa moja. Mvua hazijaisha, tayari kuna mifereji miwili ya matairi, na maji yanatuama ukutani kwa sababu mteremko nao haukuwekwa. Sentimita 2 kwa kila meta, kwenda mbali na nyumba! Kazi ya uzi, vigingi na pimamaji.

Nilipomuuliza msimamizi, akajibu huku anachezea simu: "Bosi, kokoto hazimo kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya ziada." Hazimo! Karatasi kaandika nani? Na hiyo "ziada" si kokoto peke yake: ni kung'oa vitofali, kuondoa mchanga, kuchimba, kusomba, kushindilia na kupanga upya. Yaani ufundi ule ule unalipiwa mara mbili.

Haki yao niwape: nyasi zimeshika vizuri, udongo wa juu waliuweka wa kutosha na mbolea imechanganywa, haikurushwa juu juu. Kwa bustani peke yake ningewapa nyota tatu, pengine nne.

Lakini hapana. Nyasi zenyewe zimepandwa kabla ya wakati wake, na lori la kokoto likija halina pa kupita ila juu yake. Kwanza huchimbwa, mabomba ya maji na ya nyaya yakapitishwa chini ya njia, ndipo kokoto, kingo, mchanga na vitofali. Nyasi ni za mwisho kabisa. Nyota inabaki ile ile ya fundi.

Unayetaka kusaini nao, usikubali "jumla". Kina cha kila tabaka kiandikwe kwa sentimita, na iandikwe nani analipia udongo unaotoka. Kokoto zishindiliwe kwa awamu zisizozidi sentimita 10; mashine ndogo haifiki chini zaidi ya hapo. Tenga akiba ya asilimia 10 hadi 15, maana mizizi na mabomba ya zamani hayaonekani mpaka sururu iyafikie. Na malipo ya awamu ya pili yasitoke mpaka kina cha shimo kipimwe kwa futi ya kupimia, wewe ukiwa umesimama pale, kabla kokoto hazijamwagwa.