Dagaa hawajui Jumatatu: miezi kumi na nne na programu ya mauzo mwaloni Kibirizi

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: kwenye madeni programu ni nzuri sana, kwenye mauzo ni ya kawaida, na kwenye kuamua lini nichukue mzigo ilinipotosha hadi nilipoiongezea kitu kimoja ambacho walioitengeneza hawakukiwaza. Jina silitaji. Nimejaribu nyingine mbili za aina hiyohiyo na zote zina ugonjwa huohuo, kwa hiyo nikiitaja moja nitakuwa naionea.

Mimi nanunua dagaa wabichi Kibirizi, siku nyingine Katonga, mialo ya Kigoma ambako wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanashusha samaki, naanika, nauza kwa jumla Soko la Mwanga, Kasulu na Tabora. Miaka tisa nimeandika kwenye daftari la kaunta. Februari 2024 mtoto wa dada yangu akaniwekea programu kwenye simu, akaniambia, "Mama mdogo, biashara ya siku hizi haiendeshwi kwa kukisia." Nikamjibu kwamba mimi sikisii, nakumbuka. Akacheka, nami nikalipa ada ya mwezi wa kwanza.

Kero ya kwanza ilikuja asubuhi ya kwanza. Programu inajua kilo, lita, pisi na katoni. Mwaloni tunanunua kwa karai. Nikaandika "karai" kwenye sehemu ya maelezo, kwenye kipimo nikaweka pisi, nikadhani nimemaliza. Mtoto akauliza karai moja ni kilo ngapi. Nikasema kumi na mbili, kila mtu anajua hivyo. Kesho yake akaja na mizani ya kuning'iniza, tukapima makarai matano kutoka kwa mpimaji mmoja, kipe kimoja (chombo cha kuvulia dagaa), asubuhi moja, kwa kilo: 11.2, 12.9, 14.6, 12.1, 11.4. Yule mama anayepima hakuiba. La 14.6 lilitoka maji bado yanachuruzika, na la 11.2 lilikuwa limekaa kidogo. Lakini mimi yote matano niliyalipia bei moja, na kwa miaka tisa nimekuwa nikiyaita kumi na mbili.

Mizani ilikuwa gharama ambayo tangazo la programu halikuitaja. Bila mizani, namba unazoiingizia ni maneno tu yaliyovaa nguo za namba. Sasa napima mara mbili, wakiwa wabichi na wakishaanuliwa. Kiangazi, kwenye chanja, yaani meza ya kuanikia iliyoinuliwa kutoka chini, kilo nne na kidogo za wabichi zinanipa kilo moja kavu. Wakati wa mvua zinakwenda kilo tano, na kuna siku mvua ya saa tisa alasiri inakukuta umeanika na wote wanakwenda kwa wafuga kuku. Hilo nililijua. Sikujua kwamba asilimia kubwa ya hasara yangu ya Novemba hadi Aprili inatoka kwenye mzigo nilioanika chini mchangani pale chanja zilipojaa. Mchangani wanalowa kutoka juu na kutoka chini, na wanabeba mchanga hadi mezani kwa mteja. Baada ya kuiona hiyo namba nikaongeza chanja nne. Ni uamuzi ambao sikuujutia hata siku moja, na naweza kuuacha hapo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kila Jumatatu programu inatuma ripoti: wiki iliyopita dhidi ya wiki iliyotangulia, na mshale, wa kijani ukipanda, mwekundu ukishuka. Jumatatu ya tarehe 25 Machi 2024 ikanitumia mshale mwekundu, ununuzi umeshuka asilimia 58, na chini yake ushauri: tafuta wasambazaji wapya. Nilishtuka kweli. Mchana kutwa nikapiga simu kwa matajiri wa vipe, nikapata makarai machache kwa bei ya kutisha, nikayachukua.

Ilikuwa Ramadhani, na jioni nikaenda kufuturu Ujiji kwa mama mkubwa wangu, ambaye aliuza dagaa tangu enzi za karabai. Nikamwonyesha ule mshale kwenye simu. Akautazama kwa macho ya mbali, kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Nje kulikuwa kweupe, kivuli cha mwembe kimelala uani kama saa sita mchana.

"Leo mfungo wa ngapi?"

"Kumi na nne, mama."

"Basi unamtafuta mchawi wa nini? Mwezi huo hapo. Hiyo simu yako inahesabu wiki, na dagaa hawajui Jumatatu."

Niliona aibu, kwa sababu hakuna mtoto wa Kigoma asiyejua hili. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, leo nyingi ni za sola na betri. Samaki wanaifuata taa iliyo peke yake gizani. Mbalamwezi ikijaa ziwa lote linakuwa na mwanga, taa haina tena la kuwaambia, na wavuvi wanavuta vipe pwani wakashone nyavu. Mzunguko mmoja ni siku ishirini na tisa na nusu. Wiki ni siku saba. Ukilinganisha wiki na wiki, mara nyingi unalinganisha giza na mbalamwezi, na mshale utapanda na kushuka milele bila biashara yako kubadilika chochote. Ukilinganisha na tarehe kama hiyo mwaka jana pia umepotea, maana miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354, na mwezi unakuwa umesogea siku kumi na moja.

Mimi nilijua yote hayo, na bado mshale mwekundu ulinipeleka sokoni kununua kwa bei ya juu siku mbaya kuliko zote. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na ripoti za aina hii. Imeandikwa vizuri, ina rangi, inatoka kwenye simu. Unaiamini kuliko macho yako mwenyewe.

Dawa ilikuwa safu moja. Programu ina kitufe cha kutoa kumbukumbu zako zote kama faili, na hapo nawapongeza, kwa sababu nyingine niliyojaribu inazifungia ndani kama mahabusu. Mtoto akalifungua faili kwenye Excel ya simu, tukaongeza safu ya tarehe ya mwandamo, tukinakili kutoka kalenda ya msikiti iliyobandikwa ukutani kwa mama mkubwa. Kisha badala ya wastani wa wiki tukatafuta wastani wa bei kwa kila siku ya mwezi mwandamo. Tarehe 14 na 15 bei iko juu, hilo halikumshangaza yeyote.

Kilichonishangaza ni bonde lilipo. Mwaloni tunasema bei inaanguka giza totoro, yaani mwezi unapokaribia kuandama. Kwenye kumbukumbu zangu imeanguka mapema zaidi, tarehe 23 hadi 27, siku ambazo vipe tayari vinarudi vimejaa lakini wanunuzi wa mbali hawajashuka. Nadhani ni kwa sababu hiyohiyo: kila mtu anajua giza totoro ndiyo siku, kwa hiyo kila mtu anakuja siku hiyo, na bei inapanda kwa wingi wao. Sisemi ni sheria ya ziwa zima. Ni karai zangu, mialo yangu miwili. Lakini tangu Septemba mtaji wangu mwingi nauweka kwenye siku hizo tano, na mzigo mkavu nauachia mbalamwezi inapokaribia.

Nikasema Septemba kwa sababu katikati hapo ziwa lilifungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Programu ikanitumia pongezi: gharama zako za ununuzi zimeshuka asilimia mia moja. Nilimsomea mume wangu tukacheka hadi machozi, ingawa hela ya ada ya shule ilikuwa haijapatikana.

Lakini kuna somo la kiufundi hapo na nalieleza kwa sababu lilinigharimu wiki nzima. Programu ilijaza sifuri kwa kila siku ambayo sikununua. Kwenye Excel, ukiomba wastani, seli iliyo tupu inarukwa, ila yenye sifuri inahesabiwa. Kwa hiyo siku tisini na zaidi za ziwa kufungwa ziliingia kwenye wastani wangu wa ununuzi kama siku ambazo nilikwenda mwaloni nikarudi mikono mitupu. Hata siku tatu nilizokuwa msibani Uvinza ziliandikwa sifuri. Ikabidi tupitie mstari kwa mstari: hapa nilikwenda nikakosa, hiyo ni sifuri, hapa sikwenda, futa. Sasa nina herufi zangu: M kwa msiba au maradhi, F kwa ziwa kufungwa, N kwa nilikwenda nikakosa. Programu hairuhusu herufi hapo, basi naandika kwenye maelezo.

Upande wa madeni sina malalamiko. Inatuma meseji ya kumkumbusha mdaiwa bila mimi kukunja uso, na inaonyesha kila mtu analipa baada ya siku ngapi. Humo ndimo nilimwona mteja wangu mkubwa wa Tabora kwa sura mpya. Anachukua magunia mengi kwa mali kauli, ana maneno matamu, na kwenye grafu ya mauzo ni wa kwanza. Wastani wake wa kulipa: siku 47. Maana yake hela yangu ikienda Tabora inapitwa na giza zima kabla haijarudi, mara nyingine mawili. Mama mmoja wa Kasulu anachukua robo ya hapo, lakini hela inaingia kwenye simu kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi, na giza linalofuata inakuwa imeshanunua tena.

Nikamwambia bosi wa Tabora kwamba kuanzia sasa nusu ni taslimu. Alinuna, na mpaka leo hajarudi. Kwa hesabu nilizo nazo sijapoteza, mtaji unazunguka haraka zaidi. Mume wangu anasema nimekosea, kwamba mteja wa miaka sita hapimwi kwa siku 47, na kwamba mwaka ambao nilifiwa na baba yule bosi ndiye aliyetuma hela kabla ya ndugu. Safu ya hilo sina. Sijui ningeiweka wapi.

Kasoro ndogondogo: lugha ya menyu ni Kiingereza nusu, meseji za matangazo zinakuja hata alfajiri, na majina na namba za wadaiwa wangu zinakaa kwenye seva ambayo sijaambiwa iko wapi, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mazuri: inafanya kazi bila mtandao pale ufukweni, haili bando, na simu yangu ya zamani inaibeba.

Anayeuza vitu vya dukani, sukari, sabuni, vocha, ainunue tu, mishale yake itamfaa. Anayeuza dagaa, au chochote kinachofuata mwezi au mvua, aitumie kuandikia, lakini zile ripoti za Jumatatu azizime. Ziko kwenye mipangilio, chini kabisa. Wenye programu nimewaandikia mara mbili kuwaomba waweke safu ya mwezi mwandamo. Mara zote mbili wamenijibu ndani ya dakika moja kwamba maoni yangu yamepokelewa na wateja kama mimi ni muhimu kwao.